Kusponsa, kusubiri, kukusanya namba au kumlipa mwenye wafuasi: kipi kinamfaa mfanyabiashara wa Mwanza?

Dada mmoja anayeuza vitenge Makoroboi alinisogezea simu yake juzi. Ukurasa wake wa Instagram una wafuasi elfu sita na ushee. Posti ya mzigo mpya, na vitenge vyenyewe vizuri kweli, imeonwa na watu mia tatu na kitu.

"Kaka, hawa wengine wameenda wapi?"

Hawajaenda popote. Wanashinda kwenye simu zao kama kawaida, ila posti yake haikuletwa mbele yao.

Kwa tatizo hilo kila mtu ana dawa yake. Mmoja amemwambia asponse, yaani ailipe Instagram iisukume posti kwa watu. Mwingine amemwambia avumilie, apige video kila siku mpaka mtandao umkubali. Wa tatu anasema Instagram ni kupoteza muda, aweke mizigo kwenye stetasi ya WhatsApp. Wa nne ana binamu anayemjua mchekeshaji mwenye wafuasi laki tatu. Na kila mmoja ana mfano wa mtu aliyetoboa kwa njia hiyo hiyo anayoisifia.

Njia zote nne nimezipitia kwa pesa yangu, kwa dagaa wa kukaanga tunaofungasha mimi na mke wangu pale Kirumba, kisha kwa kurasa za watu walioniomba msaada. Nitazipima kwa vipimo vile vile vitano: mlango umeshikwa na nani, inakula nini, inaleta mteja lini, ukiacha unabaki na nini, na inavunjikia wapi. Kipimo cha sita nakitanguliza, kwa sababu ndicho kinachogeuza majibu ya vile vingine.

Mteja wako anarudi?

Aliyenunua kwako leo, utamuona tena lini? Anayechukua kilo tano za dagaa kwa familia atarudi mwezi ujao. Anayesuka nywele atarudi baada ya wiki tatu hivi, lakini lazima awe anaishi hapa. Mtu wa Mbeya akiipenda video yako ya mabutu hataketi kwenye kiti chako. Aliyekodi maturubai na viti kwa harusi ya binti yake hutamuona mpaka binti mwingine aolewe. Anayenunua kiwanja Buhongwa au Kisesa pengine ananunua mara moja maishani.

Majirani wawili wenye mtaji sawa wanaweza kuhitaji njia zinazopishana kabisa kwa sababu ya jibu hilo tu. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani aliyetoboa nausikiliza kwa adabu, halafu namuuliza anauza nini.

Mlango umeshikwa na nani

Anayekumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025 hahitaji kufundishwa algoriti, ile mashine inayopanga nani aone nini. Ulifika na mzigo wako, ng'ambo ya Busisi unaiona kwa macho, lakini ulivuka zamu yako ilipofika, na zamu hukuipanga wewe. Wafuasi wako wako ng'ambo. Idadi yao unaiona kwenye ukurasa. Kuwafikia kunategemea mwenye kivuko.

Instagram haikuanza hivyo. Mpaka 2016 ilipanga posti kwa saa tu, iliyowekwa mwisho ikaonekana kwanza. Mwaka huo ikaanza kupanga kwa kukisia kila mtu atapenda nini. Facebook ilikuwa imetangulia kwenye mchezo huo, na Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba posti za ndugu na marafiki zitapewa kipaumbele, na za biashara na vyombo vya habari zitapungua machoni pa watu. Waliokuwa wamejenga duka zima juu ya ukurasa mmoja hawakuulizwa.

Kazi ya mashine yenyewe si uchawi. Mtu akifungua programu, posti zinazomsubiri ni nyingi kuliko atakazoweza kuzitazama. Kwa kila moja mashine inakisia: huyu ataitazama mpaka mwisho? Ataitolea maoni? Atamtumia rafiki? Ataipita? Makisio yanageuzwa alama, alama zinapanga foleni. Haina habari kwamba kitenge chako hakichuji. Inachojua ni vile watu walivyofanya walipokiona.

Kwa anayekua bila kulipia, basi, mlango umeshikwa na mashine hiyo, lakini kuna tofauti ya jukwaa na jukwaa. TikTok ilieleza mwaka 2020 kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja cha kupendekeza video. Mtu mpya kabisa anaweza kusambaa. Ilieleza pia jambo ambalo wafanyabiashara wa mikoani wengi hawalizingatii: mtu kuitazama video ndefu mpaka mwisho kunapewa uzito mkubwa, wakati mtazamaji na mpiga video kuwa nchi moja ni dalili dhaifu. Nchi, sembuse mji. Kwa hiyo video ya saluni ya Mabatini inaweza kupata watazamaji elfu hamsini, wakawa wa Tanga, Nairobi na Lubumbashi. Fundi anayetuma mizigo kwa basi atashangilia. Msusi hana cha kushangilia.

Na usidhani kila kinachosambaa kimesambaa chenyewe. Januari 2023 jarida la Forbes liliandika kwamba wafanyakazi wa TikTok wana kitufe cha kuisukuma video waliyoichagua iwafikie watu wengi zaidi, na kampuni ilikiri kwamba husukuma baadhi ya video. Kwa hiyo unapojilaumu kwamba yule mwenzako "anajua siri" na wewe huijui, punguza kidogo.

Anayesponsa amenunua zamu, na zamu hiyo ina mnada wake. Facebook na Instagram zinapima dau lako, uwezekano wa mtu kufanya unachotaka afanye, na ubora wa tangazo lenyewe. Mwenye dau kubwa anaweza kushindwa na mwenye tangazo linalopendwa. Hilo ni jema kwa mdogo: picha safi ya sato waliopangwa kwenye barafu inaweza kupita kwa bei nafuu kuliko bango la kampuni lililojaa maandishi. Faida nyingine ni kwamba wewe unachagua eneo. Unachora duara Mwanza, na mtu wa Lubumbashi hakuhusu tena.

WhatsApp mlango ameushika mteja mwenyewe, na funguo yake ni kukuhifadhi kwenye simu. Ujumbe wa orodha ya matangazo, ile inayobeba watu 256, haumfikii asiyehifadhi namba yako. Huoni kosa lolote kwako, umetuma, tiki moja imekaa, kumbe nusu ya orodha haijui kuwa upo. Kundi linabeba mpaka watu 1,024, lakini hapo kila mtu anaongea na kila mtu, na asubuhi unakuta dua, video ya ajali na mtu anayeuza simu yake. Stetasi inakaa saa 24 na inampata anayeamua kuifungua.

Ukimlipa mwenye wafuasi, milango ni miwili: wake, na wa jukwaa lake. Laki tatu zake nazo ziko ng'ambo ya kivuko kile kile.

Inakula nini

Kusponsa kunakula pesa, na kunahitaji kadi: ya benki, au kadi pepe ya kampuni ya simu. Unaweza kuanza na elfu chache kwa siku. Mwenye iPhone aangalie: Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilieleza mwaka 2024 kwamba anayesponsa posti ndani ya programu kwenye iPhone anaangukiwa na tozo ya Apple ya asilimia 30, ikianzia Marekani na kuendelea nchi nyingine, ukilipia kwa kivinjari unaikwepa. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mfumo wa matangazo wa Meta unahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki ili utulie na kujua nani wa kumletea tangazo lako. Mwenye elfu kumi ya siku mbili analipia masomo ya mashine, kisha anaondoka kabla haijahitimu.

Kukua bila kulipia kunaitwa bure na watu wasiohesabu muda wao. Bando unalipa. Mwanga mzuri unaufuata saa kumi na moja jioni, muda ambao ndio wateja wamejaa dukani. Kupiga, kukata, kuweka maneno na kujibu maoni, siku imekwisha. Na inakula uso wako, jambo ambalo sijasikia likizungumzwa sana. Si kila mtu anataka kuwa mtu wa video. Namjua mama anayepika samaki vizuri sana Kamanga ambaye binti yake alimlazimisha acheze mbele ya kamera. Alifanya mara mbili, ya tatu akakataa, na alikuwa na haki. (Wakati tuko hapa: tabia ya kuandika "bei njoo inboksi" ili maoni yaongezeke naiona hasara. Labda mashine inafurahi. Mnunuzi mwenye haraka ameshaenda kwa aliyeandika bei.)

WhatsApp inakula kidogo kwa fedha na kingi kwa uvumilivu. Kila mteja unamuandika jina, anakaa wapi, alinunua nini. Unajibu sauti za dakika nne. Unamkumbusha kwa upole ahifadhi namba.

Mwenye wafuasi hana bei ya ukutani. Mnaelewana, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Kabla ya kutoa shilingi, mwombe akuonyeshe, akiwa mbele yako, takwimu za ukurasa wake kwenye simu yake mwenyewe: wafuasi wake wanatoka miji gani, na posti zake tano za mwisho zilionwa na wangapi. Akigeuka mkali, umepata jibu. Mtangazaji wa redio wa hapa hapa mwenye watu elfu kumi na tano, wengi wao wa Nyamagana na Ilemela, ana thamani kwa mwenye mgahawa kuliko nyota wa Dar mwenye laki tatu za nchi nzima. Umtenganishe pia na chawa, yule anayesifia kila aliyemlipa wiki hiyo. Watu wakishamzoea, sifa zake haziwaingii tena.

Inaleta mteja lini

Kusponsa ni haraka. Tangazo linakaguliwa, kwa kawaida ndani ya saa 24, na ujumbe unaanza kuingia. Haraka hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Mwezi ukishakuwa mpana, taa hazina nguvu ya kuwakusanya, wavuvi wengi wanapumzika, na mwaloni Kirumba dagaa wanapungua na bei inapanda. Haya nayajua tangu utotoni. Hata hivyo nilisponsa tangazo la siku saba likaangukia mbalamwezi, kwa sababu tu siku hiyo nilikuwa na pesa mkononi. Ujumbe uliingia kweli kweli. Siku ya tatu mzigo ukaisha, wa kununua mwaloni bei haikubaliki, nikawa najibu watu "subiri kidogo." Walionisubiri nadhani walikuwa wawili. Tangazo lilifanya kazi yake. Mwenye kosa ni mimi. Tangu hapo nasponsa giza linapoanza, nikiwa na mzigo ndani, na mbalamwezi nazima kabisa.

Kila biashara ina mbalamwezi yake: msimu wa harusi, ada za shule, wanafunzi wa SAUT kufunga na kufungua chuo. Anayekua bila kulipia hana uwezo wa kupanga hivyo. Video yako inaweza kulala miezi mitatu, kisha ikasambaa wiki ambayo umesafiri kwenda msibani.

WhatsApp inaleta mteja siku hiyo hiyo, lakini kutoka kwa wale tu ulionao. Mwenye wafuasi analeta kishindo cha siku moja au mbili, kisha kimya. Jipange kwa kishindo: mtu wa kujibu simu, mzigo wa kutosha, lipa namba inayofanya kazi.

Ukiacha, unabaki na nini

Ukizima tangazo, linazimika. Kilichobaki ni mazungumzo kwenye simu yako, na kama hukuwaandika majina, hata hayo yanazama chini. Kwa hiyo nikisponsa nachagua tangazo linalomfungulia mtu WhatsApp moja kwa moja, wala sinunui "laiki" za ukurasa. Laiki inakupa mtu mwingine wa ng'ambo ya kivuko, ambaye kesho utalipa tena ili akuone.

Video ulizopiga bila kulipia zinabaki, na mojawapo inaweza kuamka baada ya mwaka. Zinabaki pia kama ushahidi. Mtu aliyeliona tangazo lako lazima atapita kwenye ukurasa kuangalia kama wewe ni tapeli. Akikuta posti mbili na picha za kuokota, anaondoka. Hapa ndipo njia ya pili inapoibeba ya kwanza. Na ujuzi unabaki. Aliyepiga video mia moja anajua wateja wake wanasimamisha kidole wakiona nini, maarifa ambayo hayanunuliwi.

Orodha ya namba ndiyo inayobaki zaidi ya zote, kwa masharti. Iandike pia nje ya simu, kwenye daftari au faili, maana simu inaibiwa daladalani na namba zote zinaenda nayo. Na uitunze kwa heshima: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia namba za wateja. Kumtupa mtu kwenye kundi bila kumuuliza, au kumuuzia mwenzako orodha, si mchezo mdogo.

Mwenye wafuasi anakuachia kipande cha video. Muulize mapema kama unaruhusiwa kukitumia kwenye tangazo lako la kulipia baadaye. Wengi wanakubali mkikubaliana kabla, na wanadai pesa mpya ukiomba baada.

Inavunjikia wapi

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilianguka pamoja dunia nzima kwa karibu saa sita. Zote za kampuni moja, kwa hiyo aliyedhani ana njia tatu alikuwa na moja. X, ile iliyokuwa Twitter, ilifungwa nchini Mei 2025. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo matangazo, video, stetasi na mwenye wafuasi vyote vinalala kitanda kimoja. Namba ya simu iliyo kwenye daftari haihitaji bando kupigwa.

Baada ya hapo kila njia ina ugonjwa wake. Kusponsa kunaharibikia kwenye kitufe chenyewe: ni rahisi mno kubonyeza, kwa hiyo watu wanakibonyeza bila kuchagua eneo wala lengo, na pesa inakwenda kwa wapenda picha. Kabla ya kulipa, ingia kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, iko wazi kwa kila mtu, utafute washindani wako. Utaona matangazo wanayoyaendesha sasa hivi. Tangazo ambalo mwenzako amelilipia kwa miezi bila kulizima linakwambia kitu.

Kukua bila kulipia kunavunjikia kwenye tamaa ya njia ya mkato, yaani kununua wafuasi. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa wingi, watu maarufu wakaamka na wafuasi pungufu, na ufagio wa namna hiyo haujawekwa kabatini. Hata wasipofagiwa, wafuasi wasiokuwa watu hawatazami mpaka mwisho, na umeshaona mashine inavyohesabu. Ukihisi posti zako zimefichwa, kabla ya kumlaumu mchawi fungua Hali ya Akaunti kwenye mipangilio ya Instagram. Inakuonyesha kama kuna kilichokiuka kanuni na kama akaunti yako bado inaweza kupendekezwa. Na weka uthibitisho wa hatua mbili leo. Ukurasa uliojengwa miaka minne unaibiwa kwa kubonyeza kiungo kimoja.

WhatsApp inavunjika ukianza kumwaga ujumbe kwa watu wasiokujua, au ukitumia zile WhatsApp za kuchonga, zisizo rasmi, zenye rangi nzuri. Namba inafungiwa. Kuna kuvunjika kwingine kwa kimya kimya: mteja anayechoshwa na picha kumi na tano kila asubuhi anakuzima bila kukwambia, na utamuona bado yumo kwenye orodha.

Mwenye wafuasi ni binadamu. Akiingia kwenye kashfa wiki uliyomlipa, jina lako limo kwenye picha.

Kwa hali yako

Kama wateja wako wanarudi, wa dagaa, sato, mchele, gesi, nguo za watoto, uzito uweke kwenye namba. Sponsa mara chache, mzigo ukiwepo, kwa kusudi moja tu la kupata namba mpya, kisha uwatunze. Mwenye wateja mia mbili wanaorudi kila mwezi anaweza kuacha kuposti wiki nzima bila kuumia.

Kama mteja anakuja mara moja, wa maturubai, viwanja, kuhamisha mizigo, ukumbi, orodha haitakulisha. Kusponsa kunakufaa kwa sababu unampata mtu wiki ile ile anayohitaji, lakini ujenge kwanza ukurasa wenye kazi za kweli, hata posti ishirini, ili akija kukuchungulia akute mtu. Wa viwanja aweke uso wake na ofisi yake ilipo, utapeli umewachosha watu.

Saluni, kinyozi, mgahawa, chakula cha wanafunzi Malimbe na Nyegezi: mteja anarudi na lazima awe karibu. Duara dogo la kusponsa wakati wa kufungua, kisha namba. Jiandikishe pia Google Maps, ni bure, na mgeni aliyeshuka stendi na njaa anatafuta hapo. Video zinazosambaa nchi nzima si za kuzifukuzia.

Fundi wa samani, mshonaji, mchongaji, mtengeneza viatu, yeyote ambaye kazi yake inapendeza ikiwa inafanyika, na ambaye mzigo wake unapanda basi mpaka Dodoma: huyu ana sababu ya kuvumilia njia ya bila kulipia. Mikono yake inatosha kwenye kamera, uso si lazima.

Unafungua duka jipya Rock City Mall au una tamasha la siku moja? Kishindo ndicho unachokihitaji, kwa hiyo mwenye wafuasi wa hapa Mwanza anaweza kustahili pesa yake. Kwa biashara ya kila siku, sijaona mdogo aliyedumu naye.

Na kama unachouza ni sauti yako, wewe ni msanii, mwalimu, mchambuzi wa mpira, kusponsa kutakununulia macho tu. Watu wanaokufuata kwa sababu walikutazama mpaka mwisho wana tabia ya kurudi; walioletwa kwa pesa hupita. Jenga taratibu, na weka kazi zako majukwaa zaidi ya moja ambayo si ya kampuni moja.

Mwenye elfu thelathini tu na hana muda: usiipeleke popote. Nunua bando, kaa jioni mbili, andika majina ya waliokununulia tangu mwaka uanze, na umtumie kila mmoja ujumbe wake mwenyewe.

Yule dada wa Makoroboi nilimuuliza wangapi kati ya wateja wake wa mwaka jana anawajua kwa jina. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mama Mchungaji, wale dada wawili wa Igoma, mwalimu wa Sengerema anayechukua sare za kwaya. Vidole vikaisha. Akavuta kipande cha boksi la vitenge, akaniomba kalamu.